Sura ya Tano: Imani Isiyobebwa Mgongoni

Mtoto Mkristo anayekulia Nyeri, Machakos au Kakamega hubebwa na mazingira yake bila mwenyewe kujua. Gwaride la asubuhi shuleni huanza kwa maombi anayoyafahamu. Jumapili mtaa mzima huvaa nguo safi na kuelekea upande mmoja, na msiba, harusi, hata baraza la chifu hufunguliwa kwa jina la Yesu. Mzazi wake anaweza kuwa mvivu wa sala, asiyegusa Biblia toka Krismasi hadi Krismasi, na bado mtoto akakua akijiita Mkristo kwa sababu umati umemfundisha. Mpeleke mtoto huyohuyo Garissa baada ya mzazi kupata barua ya uhamisho, na umati huo hutoweka kwa siku moja. Siku yake sasa inahesabiwa kwa adhana tano. Wenzake wengi darasani ni Wasomali Waislamu, na mambo wanayoyajua kumhusu Mungu wanayajua kwa moyo, kwa lugha ambayo yeye haielewi. Aliyezoea kubebwa mgongoni hajui kama miguu yake ina nguvu mpaka atuliwe chini. Garissa humtua chini mtoto, na kabla ya mtoto humtua mzazi.

Hoja ya sura hii ni kwamba kutuliwa huko si hasara. Kunafichua jambo ambalo lilikuwa kweli tangu mwanzo hata kule tulikotoka, yaani kwamba kumpa mtoto imani ni kazi ya nyumbani, na kanisa, shule na mtaa ni wasaidizi tu. Hoja hiyo ina upande wa pili ambao wazazi wengi huusahau. Nyumba inayompa mtoto imani mahali ambapo Wakristo ni wachache haina budi kumpa pamoja nayo uwezo wa kukaa vizuri na jirani asiye wa imani hiyo. Wapo wanaodhani mambo haya mawili yanavutana, kwamba mtoto akiwa imara sana atamdharau jirani, na akiwa jirani mwema sana atalegea katika imani. Nitajaribu kuonyesha kwamba katika Kaskazini Mashariki uthabiti na ujirani mwema hulelewa kwa mazoea yaleyale, na kwamba kimoja kikikosekana kingine hudhoofika.

Tuanze na hali ilivyo. Garissa, Wajir na Mandera ni kaunti zenye Wasomali wengi, na karibu wote ni Waislamu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 841,353 katika Kaunti ya Garissa peke yake. Wakristo walioko ni walimu, wauguzi, polisi, askari wa magereza, maafisa wa serikali, wafanyakazi wa mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi za Dadaab, pamoja na mafundi, wachuuzi na wenye vibanda waliofuata riziki. Wengi hawakuichagua Garissa. Walipangiwa kazi huko. Jimbo Katoliki la Garissa, lililopandishwa hadhi kuwa jimbo kamili mwaka 1984 chini ya Askofu Paul Darmanin, Mkapuchini kutoka Malta, lina eneo kubwa mno kwa parokia chache lilizo nazo. Kuna familia ambazo kanisa la karibu liko umbali wa saa nyingi za barabara mbovu, na pale kanisa lilipo, ibada ya Jumapili hutanguliwa na ukaguzi wa mifuko mbele ya askari wenye bunduki. Mzazi anayesubiri kanisa limfundishie mtoto katika hali kama hii atasubiri sana.

Mfano mzuri kuliko wote wa kumwamsha mzazi huyo uko mlango wa pili. Mtoto wa jirani Msomali hupelekwa duksi, yaani shule ya Kurani, akiwa bado mdogo, mara nyingi kabla hajaanza darasa la kwanza. Hukaa chini na bao lake la kuandikia, akaandika aya kwa wino, akaisoma kwa sauti mpaka ikaingia kichwani, kisha bao likaoshwa na aya nyingine ikaandikwa. Hufanya hivyo siku baada ya siku, asubuhi kabla ya shule au jioni baada yake, na likizo zikifika huongezewa muda. Linganisha na mtoto wetu. Akienda shule ya Jumapili kila wiki bila kukosa hata moja, na kila kipindi kikachukua saa nzima, kwa mwaka atakuwa amepata saa 52. Mwaka una saa 8,760. Hata mwalimu hodari wa shule ya Jumapili hawezi kuzishinda saa zote zilizobaki kama ndani ya saa hizo Mungu hatajwi kabisa nyumbani. Jirani Mwislamu hakulikabidhi jambo hili kwa saa moja ya wiki. Ukweli huo si wa kutukasirisha wala kututia hofu. Ni wa kututia aibu yenye faida.

Na wala Ukristo haukuanzia kwenye saa moja ya Jumapili. Agizo la zamani katika Kumbukumbu la Torati, sura ya sita, halimtaji kuhani wala hekalu linapoeleza namna ya kuwafundisha watoto. Linamtaja mzazi, na linataja nyakati za kawaida kabisa za siku: kukaa nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Mtume Paulo alipotafuta chanzo cha imani ya kijana Timotheo, aliwataja wanawake wawili wa nyumbani kwao, bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Inafaa kukumbuka kwamba kitabu cha Matendo kinamtambulisha baba wa Timotheo kuwa Myunani, na mji wao, Listra, ulikuwa na hekalu la Zeu lililo na kuhani wake. Timotheo hakulelewa na umati wa waumini. Alilelewa na wanawake wawili waliokuwa wachache mtaani kwao, na kutoka nyumba hiyo akatoka mchungaji wa makanisa. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipokutana mwaka 1976 chini ya AMECEA na kuzifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji, walikuwa wanalirudia wazo hilohilo: Kanisa linaloishi majumbani halifi padri anapokosekana.

Kufundisha nyumbani, hata hivyo, kunawatisha wazazi wengi kwa sababu wanadhani kunahitaji elimu ya theolojia. Kunachohitaji ni saa maalumu na uaminifu. Garissa ina saa hiyo tayari. Jua likizama joto hupungua, adhana ya magharibi husikika, maduka hutulia kidogo, na watoto huitwa ndani. Familia ya Kikristo inaweza kuichukua saa hiyohiyo kuwa yake. Mtoto mmoja asome kisa kifupi cha Injili. Mdogo wake akisimulie kwa maneno yake, kwa maana anayeweza kusimulia ameelewa. Mzazi aulize swali moja tu, na liwe la kweli: leo shuleni ni nani aliyekuwa peke yake, na wewe ulifanya nini? Kisha waombe, na katika maombi hayo wawataje watu kwa majina, akiwemo mama wa nyumba ya pili ambaye mtoto wake ana homa. Dakika 15 zinatosha. Mwaka mzima wa dakika 15 kila jioni ni zaidi ya saa 90. Muhimu zaidi, mtoto amejifunza kwamba kumwomba Mungu na kumjali jirani hufanyika katika kikao kimoja, kwa mdomo uleule.

Lakini kikao cha jioni hubatilishwa upesi na mchana uliokitangulia. Mtoto humsikiliza mzazi akisali, kisha humtazama akifanya kazi, na macho yake huamini zaidi kuliko masikio. Hapa ndipo Mkristo wa Kaskazini Mashariki ana mzigo ambao Mkristo wa Nyeri hana. Kwa miaka mingi uso wa Mkristo katika eneo hili umekuwa uso wa serikali, na serikali haikuja na mkono mwema kila mara. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa ulichomwa na vikosi vya usalama katika operesheni iliyoua raia. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, na wengi waliuawa. Mwaka 1989 serikali iliwapitisha Wasomali wa Kenya katika mchujo maalumu wa vitambulisho, jambo ambalo halikutakiwa kwa jamii nyingine. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika mengi ya haya katika ripoti yake ya 2013. Wazee wanaoyakumbuka bado wako hai, na wajukuu wao ndio wanaosoma na watoto wetu.

Kwa hiyo, afisa wa polisi anayesali vizuri jioni lakini mchana akadai kitu kidogo kwa mwenye kitambulisho halali ametoa mafundisho mawili, na mtoto atachukua lile lililoleta pesa nyumbani. Muuguzi anayemhudumia kwa upole mama Msomali asiyejua Kiswahili, akamtafutia mtu wa kumtafsiria badala ya kumpigia kelele kwenye foleni, amefundisha mfano wa Msamaria mwema bila kufungua kitabu. Nayo mazungumzo ya mezani ni katekisimu ya aina yake. Mzazi anayesema "hawa watu" kila siku, hawa watu wako hivi, hawa watu hawabadiliki, anamlea mtoto atakayejua Amri Kumi na asijue kwamba amri kuu ya pili inamhusu jirani. Waswahili walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi hayo ni pamoja na maneno tunayodhani mtoto hayasikii kwa kuwa anachezea simu.

Historia ya eneo hili inatupa mtu aliyeionyesha imani ya mchana kuliko wengi. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyesomea sheria, alifika Kenya mwaka 1969 na mwaka uliofuata akahamia Wajir. Hakuwa mtawa, alikuwa mlei Mkatoliki. Aliwakuta wafugaji wanaohamahama wakifa kwa kifua kikuu, si kwa kukosa dawa tu, bali kwa sababu mgonjwa akipata nafuu kidogo aliwafuata ngamia wake na kuacha tiba katikati. Tonelli aliwapa nafasi ya kujenga vibanda vyao wenyewe karibu na hospitali, wakaishi kwa desturi zao, huku wakimeza dawa kila siku mbele ya anayewahudumia mpaka miezi sita itimie. Namna hiyo ya kutibu ilifuatiliwa na wataalamu wa afya wa kimataifa, na msingi wake, mgonjwa kumeza dawa mbele ya shahidi, baadaye ukawa kawaida katika tiba ya kifua kikuu duniani. Mauaji ya Wagalla yalipotokea aliwahudumia majeruhi na kusaidia habari zake kujulikana, na hatimaye akalazimika kuondoka Kenya. Aliendelea na kazi ileile miongoni mwa Wasomali mpaka alipopigwa risasi mjini Borama, Somaliland, mwaka 2003, mwaka uleule alioipata Tuzo ya Nansen ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi. Hakuna aliyewahi kusema kwamba ukaribu wake na Waislamu ulimpunguzia Ukristo. Ukristo wake ndio uliomweka karibu nao na kumzuia asiondoke.

Hapa msomaji ana haki ya kusimama na kupinga, na pingamizi la kwanza ni zito. Utazungumzaje ujirani katika eneo ambalo Wakristo wamewindwa? Tarehe 1 Julai 2012 magaidi walishambulia waumini Jumapili asubuhi katika kanisa la AIC na kanisa kuu Katoliki mjini Garissa, na watu wasiopungua 15 wakauawa. Novemba 2014 abiria 28 waliteremshwa katika basi Mandera na kuuawa, wakiwemo walimu waliokuwa wanarudi kwao kwa likizo, na siku chache baadaye wachimba mawe 36 wakauawa huko Koromey. Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi Kuu, Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa alfajiri, wakawakuta wanafunzi Wakristo katika maombi, wakapita mabwenini wakiwatenganisha vijana kwa dini. Watu 148 waliuawa, karibu wote wanafunzi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na Tume ya Huduma ya Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Mzazi anayeogopa hana haja ya kuombewa apate imani zaidi. Ana sababu.

Pingamizi hilo linajibiwa kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo hofu huvichanganya: tahadhari na chuki. Tahadhari ni wajibu. Mzazi anayebadilisha njia ya kwenda shuleni, anayekataa safari ya basi katika barabara yenye hatari, au anayeirudisha familia kwao hali inapochafuka hajamkana Kristo. Yusufu alimchukua mtoto na mama yake akakimbilia Misri. Chuki ni kitu kingine, na ndicho hasa wauaji walichokusudia kupanda walipowatenganisha watu kwa dini. Lengo lao halikuwa kuua waliokuwepo tu. Walitaka Mkristo aliyebaki asimwone tena mwuza maziwa, mwalimu wa hesabu na dereva wa bodaboda kama watu watatu tofauti, bali kama adui mmoja. Mzazi anayemfundisha mtoto wake kuwaza hivyo anaikamilisha kazi waliyoianza wao.

Tena ushahidi wa eneo hili hauko upande mmoja. Baada ya mashambulizi ya 2012 viongozi wa Kiislamu waliyalaani wazi na kuahidi kwamba vijana wao watasaidia kulinda makanisa. Mwaka mmoja baada ya mauaji ya basi la Mandera, Desemba 2015, basi lingine lililokuwa likielekea Mandera lilivamiwa karibu na El Wak. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Wanawake waliwapa wenzao mitandio ya kujifunika, na abiria wakawaambia wavamizi wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi katika tukio hilo na akafariki dunia Januari 2016 akiwa hospitalini Nairobi. Taifa lilimpa nishani baada ya kifo chake, na filamu *Watu Wote* ya mwaka 2017 ilikibeba kisa cha basi hilo hadi kwenye orodha ya wawania Oscar. Mzazi Mkristo anayemsimulia mtoto habari za Aprili 2015, na lazima amsimulie maana atazisikia kwingine zikiwa zimepotoshwa, asiache kumsimulia na za Desemba ya mwaka huohuo. Yesu alipoulizwa jirani ni nani, shujaa wa jibu lake alikuwa mtu wa dini ambayo wasikilizaji waliidharau. Mtoto wa Mandera haelezwi maana ya mfano huo kwa picha za zamani. Anaelezwa kwa basi.

Pingamizi la pili hutoka kwa mzazi mwenye nia njema kabisa: mtoto ni mchanga, atachanganyikiwa, afadhali abaki kwa bibi yake au apelekwe shule ya bweni ya Kikristo mbali na hapa. Kwa baadhi ya familia hilo ndilo jibu sahihi, hasa shule ya karibu inapokosa walimu. Ila lisifikiriwe kuwa jibu lisilo na gharama. Baba anayekaa Wajir miezi mitatu bila kumwona mwanawe hana "kukaa nyumbani" wala "kutembea njiani" kwa kumfundishia. Bweni linaweza kumpa mtoto ibada kila asubuhi, lakini haliwezi kumwonyesha jinsi mtu mzima anavyomwomba mkewe msamaha. Aliyeiacha familia mbali hana budi kufanya kwa makusudi yale ambayo wengine huyafanya kwa kuonana: kupiga simu saa ileile kila jioni, kusali na watoto kwa simu hiyo, kuuliza lile swali moja, na kuwaeleza kwa ukweli kazi anayoifanya na watu anaoishi nao. Na hata hivyo, mtoto aliyekingwa na kila swali hadi umri wa miaka 18 atakutana na maswali yote kwa pamoja chuoni, siku ambayo mzazi hayupo. Afadhali akutane nayo moja moja akiwa na miaka tisa, huku mezani yuko mtu wa kumuuliza.

Na maswali yatakuja. Mwezi wa Ramadhani mtoto atauliza kwa nini rafiki yake hali mchana ilhali wao wanakula. Rafiki naye atamuuliza, bila ubaya wowote, inawezekanaje Mungu awe na Mwana. Hapo pingamizi la tatu linajitokeza, safari hii kutoka pande mbili zinazopingana. Wengine wanasema adabu ni kukaa kimya, mtoto afundishwe kwamba dini zote ni mamoja ili amani idumu. Wengine wanasema kushiriki futari ya jirani ni kuanza kuiacha imani. Wote wamekosea kwa sababu moja: wanadhani tofauti ikisemwa lazima ivunje, kwa hiyo hawa wanaificha na wale wanaikimbia. Jirani Mwislamu mwenyewe hakubaliani nao. Hategemei Mkristo amwambie kwamba hakuna tofauti, na angemshangaa mtu anayeiuza imani yake kwa sahani ya sambusa. Anachokitegemea ni heshima.

Heshima ina sura yake ya kila siku, na mtoto hufundishwa kwayo kama anavyofundishwa kuvuka barabara. Mwezi wa Ramadhani chakula chake cha mchana akile mahali pasipo macho ya waliofunga, si kwa kuwa anaogopa, bali kwa kuwa haipendezi kumtamanisha mwenye njaa. Sahani ya futari ikiletwa jioni aipokee kwa shukrani, na ikirudishwa Krismasi au Pasaka isirudi tupu. Chakula hicho kiandaliwe kwa namna ambayo jirani anaweza kukila kwa dhamiri safi, nyama iliyochinjwa kihalali. Akialikwa kufanya tendo la ibada ambalo si lake, akatae kwa upole na bila kejeli, kama Danieli alivyokataa chakula cha mfalme Babeli kwa kumwomba msimamizi wake kwa adabu badala ya kumtukana. Na akiulizwa juu ya Yesu, awe na jibu. Waraka wa kwanza wa Petro unawataka waumini wawe tayari kueleza sababu ya tumaini lao, na palepale unaongeza kwamba wafanye hivyo kwa upole na heshima. Mtoto asiye na jibu atanyamaza kwa aibu au atajibu kwa hasira, na vyote viwili ni dalili ya mtu ambaye hakufundishwa. Ndiyo maana nilisema uthabiti na ujirani hulelewa pamoja: mtoto mwenye majibu hana haja ya kugombana, na mtoto mwenye marafiki ana sababu ya kuyatafuta majibu.

Lipo na pingamizi la nne, ambalo halisemwi kwa sauti kwa sababu ni la uchovu. Mama anayelea peke yake, anayetoka zamu ya usiku hospitalini saa mbili asubuhi, na baba anayefunga kibanda saa tatu usiku watasema kwamba haya yote ni ya watu wenye nafasi. Jibu si kuwaongezea mzigo. Saa ya familia si lazima iwe magharibi. Kwa mama wa zamu inaweza kuwa kifungua kinywa, na kwa mwenye kibanda inaweza kuwa ndani ya kibanda chenyewe, mtoto akipima sukari na kujifunza kwamba kilo ya Mkristo ni kilo kamili. Hapo pia ndipo jumuiya ndogo inapoonyesha thamani yake. Familia nne au tano zilizo mtaa mmoja zinaweza kukusanya watoto pamoja mara moja kwa wiki, mzazi mmoja akiwafundisha huku wengine wakipumzika. Tena mzazi asiyejua kusoma vizuri asijitoe. Anaweza kusimulia, na mtoto aliyesomeshwa anaweza kumsomea. Kufundishwa na mwanao mwenyewe si aibu katika nyumba ambayo kila mtu ni mwanafunzi wa Kristo.

Pengine bado utauliza kama juhudi za nyumba moja zina uzito wowote mbele ya koo zinazogombana, magaidi na siasa. Wajir imeshalijibu swali hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mapigano ya koo yalikuwa yameipasua wilaya hiyo. Kikundi kidogo cha akina mama wa koo tofauti, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, hawakuanza na mkataba mkubwa wa amani. Walianza na soko: kila mwanamke, wa ukoo wowote, awe huru kuuza na kununua, na wenyewe wakazunguka kuhakikisha hivyo. Kutoka hapo wakawafikia wazee, vijana na maafisa, hadi mwaka 1995 kukawa na kamati ya amani iliyofanya kazi na serikali, mfano ulioigwa baadaye katika sehemu nyingine za Kenya. Dekha, aliyepewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007 na kufariki kwa ajali ya gari mwaka 2011, alikuwa Mwislamu na aliitoa nguvu yake katika dini yake. Mkristo anaweza kujifunza kwake bila kuibadili imani yake: amani ya mji ilijengwa na watu waliokwisha kuzoea haki katika mambo madogo. Nabii Yeremia aliwaandikia wahamishwa wa Babeli maneno ya namna hiyo karne nyingi kabla, akiwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, walee watoto na kuutafutia heri mji ule waliopelekwa bila kupenda. Mwenye barua ya uhamisho mkononi asiione barua hiyo ya nabii kuwa ya watu wengine.

Kipimo cha malezi, basi, kisiwe idadi ya mistari ambayo mtoto ameikariri, ingawa akiikariri ni vizuri, wala kisiwe jinsi alivyofanikiwa kuishi Garissa bila kuguswa na Garissa. Siku familia itakapopata uhamisho mwingine na kufunga mizigo, mzazi ajiulize maswali mawili. Je, mtoto huyu anaweza kusali na kueleza anachokiamini bila mimi kumshika mkono? Na je, kuna mtoto Mwislamu katika mtaa huu atakayesikitika kwa kuwa anaondoka? Akiweza kujibu ndiyo kwa yote mawili, amemlea Mkristo. Akiweza kujibu ndiyo kwa moja tu, bado ana kazi, na kazi hiyo inaanza kwenye meza yake jioni ya leo, si kwenye parokia anayotarajia kuipata kituo kijacho.